Ngoma Iliyokatwa Katikati

Hamburg, Ujerumani
Jumapili

Mama yangu mpendwa, Mwaitu,

Umeamkaje huko Migwani, na mkono umeamkaje? Kalekye ananiambia bado umefungwa plasta na kwamba unamkemea kila akitaka kukulisha, kwa hiyo najua unapona. Mvua je? Mbuzi je? Mimi mwili ni mzima. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako tu naanza kupiga kelele, nawe unakata. Karatasi huwezi kuikata. Kalekye dada yangu, msomee mama yote, usiruke mahali hata nikitukana.

Nianze na huyu Klaus, mwenye studio iliyotoa albamu yetu. Unakumbuka nilipokuja likizo ukanipigia mwase, ile ngoma yako ndefu, pale uani, nikakurekodi toka mwanzo hadi mwisho? Ulinikazia macho ukasema, "Hii ni kilumi, ngoma ya pepo, si ya kuchezea. Mtu akipandwa, ngoma iliyompandisha ndiyo inamshusha. Usiikate." Niliyabeba maneno hayo mpaka huku. Tukaingia studio, mpiga besi, mpiga kinanda na mimi na saksafoni yangu, tukaijenga jazi juu ya mikono yako. Siku ilipokubali, Mwaitu, nililia mbele za watu na sikuona haya.

Halafu Klaus akakata mwisho. Ile sehemu ya kushusha, unapopunguza polepole, alisema inachosha. Akaweka gita la umeme linalopiga mayowe, wimbo ukakatika ghafla. Nilimweleza kwanza kwa adabu. Akacheka: "Nani atajua?" Basi nikamkamata shati nikambamiza ukutani. Akanipiga na stendi ya maikrofoni, nami nikamvunja pua. Damu ilimwagikia mitambo yake yote. Polisi walinitoa na pingu. Sijuti, ila pua yake haikusaidia kitu, maana mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi na albamu ikatoka hivyo hivyo.

Watu wa huku wameipenda sana. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, wazee wenye mvi wanatikisa vichwa macho wamefumba, na gazeti moja likatusifu kwamba tumeleta sauti mpya. Mimi jukwaani nilikuwa naangalia miguu yao tu, kama kuna atakayeanguka. Hakuanguka mtu. Nikajidanganya kwamba yameisha.

Ya pale mjini Mwingi unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaseme nilivyoyaona, maana yananinyonga. Abdi wa duka la simu aliipakua albamu mtandaoni mwenyewe, akaifungulia kwenye spika zake kubwa siku ya soko, akijivunia kijana wa kwetu. Syombua, yule mjane muuza kuku, akapandwa pale pale. Wimbo ukakatika, yeye akabaki juu. Abdi akaurudia, ukakatika tena. Syombua akawa anajigonga kichwa chini na kuuma watu. Ndipo Kimanzi, mtoto wa dada yako mwenyewe, huyo anayeongoza nyimbo kanisani, akapaza sauti kwamba duka la Abdi linaita mashetani. Watu wakavunja spika kwa mawe. Wakamburuta Abdi kwa ndevu mpaka katikati ya barabara ya Garissa, malori yakifunga breki. Wakaanza kumchapa Syombua fimbo ili pepo amtoke.

Kuna mtu alikuwa anarekodi. Klipu ilinifikia nikiwa kwenye treni. Nilikuona unashuka kwenye bodaboda, mwase mgongoni, unaiweka katikati ya miguu na kuanza kumshusha Syombua.

"Wewe mama, wacha hiyo ngoma!" Hiyo ni sauti ya Kimanzi.

"Niache nimshushe kwanza, halafu utanipiga vile unataka," ukamjibu.

"Piga yeye pia! Huyu ndio mama yao hao mashetani!"

Rungu la kwanza lilikupata begani na hukukosea hata pigo moja. La pili ni Kimanzi mwenyewe aliyelipiga, likakuvunja mkono. Nilisikia mfupa, Mwaitu, niliusikia kwenye kisimu kidogo hivi. Ngoma ikaendelea kwa mkono mmoja, polepole, polepole, mpaka Syombua akakaa chini akaomba maji. Hapo ndipo ukaanguka. Ule mwisho alioutupa Klaus nimeusikia wote, na fimbo ndani yake.

Mzungu wa kiti cha pili aliniomba nipunguze sauti. Nilimpiga. Simjui, hakunikosea kitu. Tangu siku hiyo ndivyo nilivyo. Nimepigana na mpiga besi wangu, na mlango wa jikoni nimeuvunja kwa ngumi. Naye Klaus, na pua yake iliyopinda, alinipigia simu kwa furaha: ameiona klipu, anataka sauti ile iwe mwisho wa wimbo, ila ataondoa kelele za fimbo ibaki ngoma safi! Nilikwenda kwake nikamkuta mkewe peke yake, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Sauti ni yako. Akiigusa bila neno lako nitarudi kwake.

Nimekata tiketi, Kalekye anajua siku. Sikufichi, nakuja kwa ajili ya Kimanzi. Nimepanga nishukie Mwingi kabla ya kufika kwako, asubuhi anapofungua duka lake la mbegu, ng'ambo ya barabara toka stendi. Namwona ananyamaza chini ya mikono yangu hata nikiwa nakula. Tumelala kitanda kimoja tukiwa watoto, na hilo halinizuii.

Nisalimie mjomba Mutua, mwambie ng'ombe wake nimemwota. Shangazi wa Kibwezi apate salamu zake na asinitafutie mke. Abdi mpe pole yangu kubwa, na Syombua umwambie hakuna baya alilofanya.

Mwaitu, kuna jambo nimeliona nikiandika. Ule wimbo uliokatwa nausikiliza kila siku, tena na tena, natafuta mahali kisu kilipopita. Nadhani mimi pia nimepandwa, na huku hakuna wa kunishusha. Siku hiyo usinisubiri nyumbani. Njoo stendi ya Mwingi na mwase, unikute kabla sijavuka barabara. Kama mkono haujapona, piga na mmoja. Nimeshasikia kwamba unaweza.

Mwanao anayekuhitaji,
Mutinda