Mama Namba, Mshonaji wa Shule ya Masista

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu tuanze kuamka gizani alfajiri bila kusikia mkasi wako ukigonga meza ya cherehani. Baba bado hugeuza shingo kuusikiliza.

Miaka ishirini na sita uliwashonea wasichana wa bweni namba kwenye nguo, kwa uzi mwekundu, zisichanganyike zikifuliwa. Wakakuita Mama Namba. Nawe uliwajua hivyo hivyo: Kumi na Tatu ana kikohozi, Arobaini hajaletewa barua. Ulikosea mara moja tu, ukashona 66 kichwa chini ikasomeka 99, na mnene na mwembamba wakavaliana sketi muhula mzima. Sista Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Wewe ulinuna siku mbili.

Kitinda mimba wako alisoma hapo hapo, kutwa. Aliililia namba kama za wenzake wa bweni, akadai unawapenda watoto wa watu kuliko wako. Ulimjibu bila kuinua macho kwenye pindo, “Namba ni ya nguo inayolala ugenini. Wewe unarudi nyumbani.”

Hakurudi, Mama. Kidato cha tatu alipata mimba, akaona haya, akaondoka na mfuko mmoja kwenda mji mwingine. Si wewe uliyemfukuza; aliuogopa uso wako kabla hajautazama. Huko alilea, akafanya kazi mchana, jioni akasoma darasa la watu wazima. Alijiapiza hatakanyaga kizingiti chako mikono mitupu, mpaka ashike cheti.

Ulipougua, ulimtuma kaka yake amwambie, “Cheti nikitafune? Aje na mtoto.”

Akaomba asubiriwe kidogo, mtihani wa mwisho ni Ijumaa. Ukatutoka Jumatano.

Mtihani aliufanya muhula uliofuata, akafaulu, ndipo akarudi nyumbani na mtoto. Cheti kimo kwenye droo ya cherehani, pamoja na nyuzi zako. Hajapata moyo wa kukitundika ukutani. Wanasema majuto ni mjukuu. Na mjukuu mwenyewe hukuwahi kumpakata. Ila anakujua. Kila jioni mama yake humsimulia habari zako, na maneno yako, neno kwa neno.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, dada yako mpishi wa bweni, masista, na wasichana wako wote, tangu Moja hadi Mia na Themanini. Tutakukumbuka daima, Mama, na daima tutakuomba radhi.

Jumatatu mjukuu wako alianza darasa la kwanza kwa masista, kutwa. Mshonaji mpya, asiyejua, alimvua sweta, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akamwuliza namba yake ni ngapi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Kabla hajafungua kinywa, mtoto akajibu, “Mimi sina namba, narudi nyumbani.”