Mstari Wenye Kivuli

Gisenyi, Jumamosi

Sitaki pole ya mtu.

Redio inasema yule mama wa Albania, niliyemfuatilia tangu akiwa diwani hadi akawa waziri, chama chake kimemwangusha kwa kura za siri. Ana bahati. Hatajua nani kamgeuka.

Sisi, kumchagua kiongozi wa mtaa, tunapanga mstari nyuma ya mgombea. Leo mgombea nilikuwa mimi; niligeuka kutazama watu wangu, nikamkosa Vestine, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa nyuma ya yule mwanamume aliyenishinda.

Baadaye akaja na soda. "Dada, usikasirike. Ku mustari yako jua ilikuwa kali sana. Kule iko kivuli."

Nikaipokea soda. Vestine huyu huyu anauza samaki juani kutwa nzima, na hajawahi kununua mwavuli.