Kaburi la Babu Lipo kwa Anyesi

Mwandoya,
14 Agosti 1996

Kwako kaka Deogratias,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Flora na watoto mnaamka salama huko Bariadi. Sisi huku ni wazima, pamba tumemaliza kuchuma na ng'ombe wanapata maji. Mwili wangu hauna neno. Moyo ndio unaochemka.

Uliniagiza nitafute wazee wa kuthibitisha kwamba babu yetu Mayala ndiye aliyefyeka lile shamba analolima mjane Anyesi, na kwamba yeye na ukoo wa mumewe ni wageni tu, ili tajiri wako wa pamba ajenge ghala pale. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe umekuwa mtu mkubwa. Nikatii, mjinga mimi.

Ndugu zetu hawakujua lolote, nikaenda kwa majirani. Mzee Machibya, ambaye baba yake alitembea na babu kutoka Kalemela mwaka wa njaa, alinicheka mpaka akakohoa. Aliniuliza tangu lini mgeni akamfukuza mwenyeji. Babu alifika hapa na jembe lisilo na mpini, na baba mkwe wa Anyesi ndiye aliyemkatia kipande cha kulima.

Nikauliza kwa nini baba hakutuonyesha kaburi la babu. Unajua mwenye mji huzikwa kwenye zizi lake. Kaka, babu alikufa hana hata zizi! Wenyeji wakamzika katika zizi lao, pale pale shambani, na baba akaona aibu kutuambia. Anyesi alinipeleka. Kila mwaka hupapalilia, wala hajawahi kutusimanga. Vigingi vya ghala lako vimepigwa juu ya kifua cha babu. Fadhila za punda ni mateke. Huna haya?

Sasa sikia kwangu kabla hujasikia kwa watu. Jana kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, mimi mwanamke, nikayasema yote, Machibya akashuhudia. Kisha nikaenda kuving'oa vile vigingi kwa mikono yangu. Tajiri wako akiuliza, mwambie ni mdogo wako wa tumbo moja.

Wasalimie watoto. Waambie tulitoka Kalemela, tukapokewa. Anyesi naye anakusalimu. Anasema usiogope kuja, na siku yako ikifika, nafasi karibu na babu ipo.

Ni mimi mdogo wako,
Kornelia