Mupira na Kichwa cha Samaki

Kasongo, Jumatano jioni

Bwana yangu ameharibu tena kazi yangu. Juma nzima nafundisha mbwa wetu kuachilia mupira wake wa majani ya ndizi: namuonyesha kichwa cha samaki, anautema, namurudishia. Leo bwana akajaribu kumunyanganya kwa fimbo.

“Mama Zaina, mbwa ni wa kuamriwa, si wa kubembelezwa!”

Mbwa akanguruma, meno yote inje.

Nikakaa chini na samaki wangu, nikangojea sana. Magaribi akauweka mwenyewe mu mukono yangu. Nilifurahi, lakini kidogo.

Jumamosi Zaina wetu anafika na pikipiki toka Kabambare, pamoja na mutoto wake. Anatambaa sasa, anashika kila kitu. Ataenda mbio kwa ule mupira, na hatakuwa na samaki mukononi.