Bega la Kushoto Limepinda

We! Mbona hupokei simu? Basi nakuandikia.

Nimetoka nje. Ndiyo, mimi, fundi niliyehamishia cherehani sebuleni mwaka jana ili nisivuke geti tena. Nimeenda dukani kununua zipu.

Niko kwenye foleni, ikaja ile hofu yangu. Moyo mbio, vidole ganzi, pumzi haishuki. Nikajua leo nakufa, tena nimevaa kandambili.

Nikakumbuka somo lako, mwalimu usiye na cheti: "Usikimbie. Haiui, inapanda kisha inashuka. Wewe taja tu unavyoviona."

Hukusema nitaje KIMOYOMOYO!

Mbele yangu kasimama mama mmoja na koti la kijivu. Nikataja kwa sauti: "Bega la kushoto limepinda. Mshono umevutwa. Bitana inachungulia."

Akageuka. "Unasemaje?"

Mwenzangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini mdomo ukaendelea: "Aliyekushonea alikuwa na haraka."

Akavua koti! Akanitupia mikononi. "Haya, nionyeshe."

Nikachomoa pini kwenye kola yangu, nikalibana bega palepale. Nilipoinua macho foleni nzima inatutazama, na moyo umetulia. Sijui hata ulitulia saa ngapi.

Akauliza nafanyia kazi wapi, aniletee. Nikamjibu, "Nitalifuata kwako Jumamosi."

NITALIFUATA. Mimi! Mdomo huu utaniua kabla ya hofu.

Na zipu nimesahau.

Acha kucheka. Jumamosi unanisindikiza. Mpaka getini tu, kisha unageuka unarudi, hata nikikuita.