Mjomba Hajui Kwamba Nafuta Mistari Yake

Mpendwa mshauri, nisaidie, mwenzio nimefika mwisho wa akili, mimi ni mpiga wino kwenye jarida la katuni, yaani mjomba wangu anatunga hadithi na kuichora kwa penseli, mimi napita juu yake kwa wino, kisha nafuta penseli ukurasa ubaki safi, na kazi hii naipenda jamani, kuna saa nikiinamia karatasi nahisi nimeingia kwenye ule mtaa aliouchora, natembea, nasikia hata viatu vyangu, mpaka niitwe ndipo nashtuka nipo kitini. Sasa mwaka wa tatu huu mkono wa mjomba unatetemeka, mistari inakuja kama nyuzi zilizofumuka, nami nainyoosha kimyakimya, na vidole vikinishinda kuvikisia nawatia wahusika mikono mfukoni, hadi msomaji mmoja akatuandikia kuuliza huko kwao kuna baridi gani! Jarida likitoka mjomba huliinua dirishani, anatabasamu, "Unaona, mwanangu? Mkono bado upo." Namjibu, "Upo, mjomba," na moyo unaniuma. Jumamosi ijayo amealikwa kuchora mbele ya wasomaji, ukumbi mzima, naye amekubali kwa furaha kama mtoto. Nikimwambia nitamvunja, nikinyamaza ataumbuka. Nifanyeje?

Mpiga Wino

Pole, mwanangu. Nimekupa pole, sasa nikukaripie.

Ulianza kwa huruma, ukaishia kumwamulia mzee wa watu mambo yake mwenyewe. Halafu mkono unatetemeka miaka mitatu, na hakuna aliyempeleka kwa daktari? Loo! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha hata yasiyo yako. Toka kwenye huo mtaa wa karatasi, mama, huku nje kuna mgonjwa.

Leo hii chukua ukurasa wake mmoja, usiuguse. Uweke mezani kando ya uliochapishwa, mkiwa wawili tu, umwambie, "Mjomba, nimekuwa nikinyoosha." Usiumeume maneno. Kesho hospitali. Hadithi bado zinatoka kichwani mwake, na kichwa hicho hakitetemeki. Jumamosi aamue mwenyewe: asimulie wewe uchore, au achore hivyohivyo watu waone. Lakini aingie ukumbini akijua.

Akilia, kaa naye, usimnyamazishe. Na akikwambia alijua siku nyingi, ila alinyamaza asikuvunje moyo wewe, basi hapo lia nawe.