Jani la Isale Kutoka kwa Bibi Manka

Machame, huku juu ya Moshi mjini

Kwako kaka yangu Fidelis,

SHIKAMOO KAKA. Nimeiandika kwa herufi kubwa mwanzoni ili hata ukiitupa barua, salamu iwe imeshakupata. Shemeji hajambo? Mama miguu inamsumbua bado? Mimi ni mzima, nimenenepa kwa ndizi za huku mpaka ile suruali uliyonipa haifungi. Baridi tu ndiyo inanionea.

Hii ni barua ya tatu. Mbili hukujibu, na sikulaumu. Siku ile tulipokwenda kwa wakwe zako mimi ndiye niliyewaambia kwamba ulikuwa ukikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Watu walicheka, shemeji akatazama chini, wewe ukatoka nje ukaacha wali. Tangu siku ile hujaniita mdogo wako. Lakini soma mpaka mwisho, maana siku hizi naitwa mwalimu.

Niliajiriwa kufyeka majani ya shule, hilo unalijua. Sasa kuna Mzungu mmoja wa kujitolea alileta mchezo wa kurusha visahani vya plastiki. Unasimama mbali, unarusha, kisahani kiingie kwenye kikapu cha minyororo kilichofungwa kwenye nguzo. Alipoondoka, walimu wote na vyeti vyao hawakujua hata kukishika. Nani alikuwa akimtazama kila jioni, ameegemea fyekeo? Mimi wa darasa la saba! Mwalimu Mkuu akanikabidhi wanafunzi.

Nasimama mbele yao na raba zangu za mtumba, nawaambia: "Kidole gumba juu, vinne chini, shika ukingo. Simama ubavu, bega likitazame kikapu. Kivute kisahani mbele ya kifua, kiwe bapa, kama unapitisha fyekeo, halafu kifundo cha mkono kifyatuke. Msitumie nguvu! Nguvu pelekeni kwenye kuni."

Binti mmoja wa kidato cha tatu, Aichi, mdomo wake kama wangu, akaniuliza, "Mwalimu, na ulimi tuutoe kama wewe?"

"Ulimi ndio usukani," nikamwambia.

Basi sifa zikanipanda. Nikataka kuwaonyesha jinsi mtu wa Songea anavyorusha, nikatumia nguvu zote nilizowakataza. Kisahani kilivuka ua, kikaingia kwenye kihamba cha Bibi Manka, yaani shamba lake la migomba pale jirani, kikampiga ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa. Ng'ombe akapiga teke, ndoo ya maziwa ikamwagika yote. Nami nikapaza sauti: "Bibi, huyo ng'ombe wako hajui mchezo!" Wanafunzi wakacheka. Bibi hakucheka. Kesho yake Mwalimu Mkuu akafungia visahani kabatini. Mchezo basi, mpaka bibi aseme mwenyewe.

Aichi akanifuata. "Mwalimu, huku msamaha hauombwi kwa vichekesho. Mpelekee isale. Ukimpa mtu isale hawezi kukukatalia."

Isale ni mmea wa majani marefu. Sikuuliza unachumwaje, wewe unanijua. Nikauona njiani, umepandwa kwa mstari. Bei ya kahawa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wapande nyanya, nikadhani kung'oa ndiyo mtindo. Nikang'oa mmoja na mizizi yake, ili bibi aone msamaha wangu una mizizi.

Bibi akautazama, udongo unadondoka mlangoni kwake. "Umeutoa wapi?"

"Hapo njiani, bibi."

"Hapo njiani ndipo mpaka wangu na shemeji yangu. Aliyeupanda ni baba mkwe. Umening'olea mpaka wangu, uje kuniomba nao msamaha?"

Kaka, nilitafuta neno la kuchekesha, sikuliona. Nikapiga magoti. "Nisamehe bibi. Kwa maziwa, kwa mpaka, na kwa kile kicheko."

Nikaurudisha kwenye shimo lake, yeye kasimama juu yangu na fimbo: "Kushoto! Unampa shemeji shamba langu, we mtu wa Songea!" Nilipomaliza akachuma jani moja, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. "Haya, anza upya." Nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea. "Yamekwisha," akasema. "Sasa nionyeshe hicho kisahani kinashikwaje." Akatoa kile kilichompiga ng'ombe wake. Gumba juu, nikamwambia. Akakirusha kwenye migomba yake mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndipo nikamwomba jani la pili. Akaniuliza la nani. Nikamwambia.

Limo humu ndani ya bahasha, fundo amefunga yeye. Litakuwa limekauka, na kwetu hatuna desturi hiyo. Siku ile kwa wakwe nilikukosea, kaka. Safari hii sina kichekesho.

Mwambie mama miguu aikande kwa maji ya moto. Shemeji mwombe radhi kwa niaba yangu, na dada yetu mdogo mwambie ndizi nitambebea.

Jani ukilipokea, usinijibu marefu. Niandikie maneno mawili tu, "mdogo wangu," nitaelewa.

Ni mimi,
Dismas